Kaseti za marehemu baba: sauti bado zimo, mashine ndizo zinazotuacha

"Shikamoo mzee. Marehemu baba alikuwa mtu wa kurekodi. Ametuachia katoni mbili za kaseti, kama themanini hivi: harusi za ndugu, ngoma za kwao Kisarawe, hadithi za bibi yake, na kanda ambazo mjomba wetu wa Muscat alikuwa anatutumia badala ya barua. Nyingine hazina hata maandishi. Zilikuwa juu ya kabati chumbani kwake Tandika na baadhi zimeota unga mweupe. Redio kaseti yake ilikula kanda ya kwanza tuliyojaribu, tukaogopa, tukaacha. Fundi mmoja Kariakoo anasema kaseti ikipita miaka ishirini sumaku inakwisha, tusijisumbue. Mwingine anasema atazihamishia zote kwenye flashi kwa siku moja. Mimi nimeona kimashine cha USB kinauzwa, nafikiri ninunue nifanye mwenyewe, au niweke tu simu mbele ya spika. Kaka yangu naye ana lake: anasema sauti ya dijitali imekatwakatwa, ya kaseti ndiyo sauti yenyewe, na anatafuta kanda tupu ili mwezi ujao tukienda Kisarawe amrekodi shangazi kwa kaseti kama alivyofanya baba. Nani yuko sahihi? Na kama kaseti zilikuwa nzuri, kwa nini watu waliziacha?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Katika maelezo yako naona hofu mbili: kwamba sauti zimo ila mtaziharibu mkizigusa, na kwamba huenda hazimo kabisa, mnahangaikia plastiki. Nianze na ya pili, maana hiyo ndiyo imepeleka kaseti nyingi za mji huu jalalani.

Yule fundi wa kwanza amekosea. Sumaku ya kaseti haina tarehe ya kwisha. Mkanda wenyewe ni utepe wa poliesta, upana wake haufiki milimita 4, uliopakwa upande mmoja chembe ndogo sana za oksidi ya chuma zilizoshikwa kwa gundi. Rangi ya kahawia unayoiona ndiyo hiyo oksidi. Ukirekodi, hedi, kile kichwa cha mashine kinachogusana na mkanda, inazipanga chembe hizo kisumaku kwa kufuata sauti, na zikishapangwa hukaa hivyo hivyo mpaka ije sumaku nyingine yenye nguvu ya kuzipanga upya. Zipo kanda za miaka ya 1970 zinazocheza leo ukadhani zimerekodiwa juzi. Kanda iliyochezwa sana kwenye mashine chafu hupoteza kidogo zile sauti nyembamba za juu, za matoazi na za herufi kama "s", lakini maneno ya mtu yanabaki. Na simu yako haifuti kaseti, wala televisheni ya sebuleni. Cha kuogopa ni ile sumaku nene ya nyuma ya spika kubwa, tena kanda iwe imelala juu yake.

Kinachotangulia kufa ni mashine. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote, kwa sababu linabadilisha mpango wako. Haraka uliyonayo ni ya kuzichezesha kanda hizi wakati bado kuna mashine nzima na fundi anayeijua. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, walitoa tahadhari kwa dunia nzima kuhusu kanda za sumaku, na mwaka uliokuwa ukitajwa kama ukingo ni 2025. Hawakuwa wakisema kanda zitafutika siku hiyo. Walikuwa wanaangalia vipuri, viwanda vilivyofungwa na mafundi wanaostaafu. Ukingo huo tumeshaufikia, na ukipita Kariakoo kuulizia mpira mpya wa deki ya kaseti utaona mwenyewe jinsi vijana wa dukani wanavyokutazama.

Tuchukue hiyo redio kaseti ya baba. Ukifungua mlango wake utaona, kando ya hedi, kifimbo chembamba cha chuma kinachong'aa na gurudumu dogo jeusi la mpira. Ukibonyeza kitufe cha kucheza, gurudumu linaubana mkanda kwenye kile kifimbo, na viwili hivyo ndivyo vinavyouvuta kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukishapita pale, mkanda unapokelewa na roda ya upande wa pili, ambayo kazi yake ni kuukusanya tu. Kwenye redio nyingi roda hiyo inazungushwa na mpira mwembamba unaotoka kwenye mota. Mpira ukikaa miaka bila kazi katika joto letu hulegea, au huyeyuka ukawa kama lami. Sasa kifimbo na gurudumu vinaendelea kusukuma, upande wa kupokea umesimama. Mkanda unakosa pa kwenda, unajikunja humo ndani na kujisokota kwenye gurudumu. Hapo ndipo tunasema redio imekula kanda.

Kwa hiyo kanda haikuwa na kosa, na mlivyoacha mlifanya la maana, kwa sababu redio hiyo ingekula ya pili na ya tatu. Iliyoliwa msiitupe. Mkanda uliokunjamana ukinyooshwa kwa vidole vikavu na kurudishwa taratibu, sauti itafifia na kurudi kwa sekunde chache mahali pale, halafu inaendelea kama kawaida. Hata iliyokatika huungwa, kwa utepe maalumu wa kuungia. Gundi-tepu ya ofisini usiweke kamwe: baada ya muda gundi yake inachuruzika na kunatisha mizunguko ya jirani.

Unga mweupe ni kuvu. Hewa ya pwani ina unyevunyevu mwaka mzima, masika ndiyo usiseme, na kuvu anakula gundi ya mkanda, vumbi na mafuta ya vidole. Kaseti yenye unga usiicheze hata mara moja kwa kujaribu. Kuvu hugandisha mzunguko mmoja na mwenzake, ukiuvuta mkanda unakatika au unabanduka oksidi, na mbegu zake zinabaki kwenye mashine zikisubiri kanda nzima itakayofuata. Zitenge hizo kwenye mfuko wake. Vaa barakoa unapozishika, hasa kama nyumbani kuna mwenye pumu. Usizianike juani, usizifute kwa maji wala Jik. Nitarudi kwenye hizo.

Zilizo safi unaweza kuanza nazo leo, na kazi ya kwanza haihitaji mashine. Shika kaseti, tazama ule ukingo wa nyuma, upande usioonyesha mkanda. Utaona vijino viwili vya plastiki, kimoja kila pembe. Vivunje kwa bisibisi ndogo. Mashine ina kijiti kinachopapasa pale. Kikikuta shimo, kitufe cha kurekodi hakishuki, na hakuna mtoto atakayefuta sauti ya bibi kwa kubonyeza kitufe chekundu. Ukikuta mashimo yamezibwa kwa karatasi au gundi-tepu, bandua. Na hapo simama kidogo. Mashimo yaliyozibwa mara nyingi maana yake baba alirekodi juu ya kanda ya muziki ya kununua. Wengi tulifanya hivyo, kanda tupu ilikuwa na bei yake. Kwa hiyo kaseti yenye jina la bendi juu yake usiitenge kwa kudhani ni ya dukani. Ndani yake anaweza kuwamo mjomba wa Muscat.

Piga picha kila kaseti pande zote mbili, na kile kikaratasi cha ndani ya kasha, kabla mwandiko haujafifia zaidi. Kisha itazame kwenye mwanga. Mkanda ukiwa umelegea, uzungushe kwa kalamu ya Bic kama tulivyokuwa tunafanya kuokoa betri. Ukihisi unagoma, usilazimishe, iweke pembeni. Halafu angalia katikati ya mdomo wa kaseti: kuna kipande kidogo cha kitambaa kinene, kimebandikwa juu ya ukanda wa chuma laini kama springi. Kinausukuma mkanda ugusane na hedi. Gundi yake ikikauka kinadondoka, na kaseti hiyo itatoa sauti hafifu, ya mbali, isiyo na ncha. Nashuku hapo ndipo imani ya kwamba sumaku imekwisha ilipozaliwa. Dawa yake ni kuhamishia mkanda kwenye gamba la kaseti nyingine. Zenye skrubu tano fundi anafungua kwa dakika chache. Zilizogandishwa kiwandani lazima zipasuliwe, na huko usiingie mwenyewe na kanda ya bibi.

Sasa kimashine cha USB. Kinafanya kazi, na kama uwezo ni huo tu, afadhali hicho kuliko katoni kukaa mwaka mwingine. Lakini ujue unanunua nini. Karibu vyote, kwa majina tofauti, vina mtambo mmoja wa bei rahisi kutoka China. Mota ni nyepesi, gurudumu linalotuliza mwendo ni jepesi pia, kwa hiyo mwendo unayumba. Kwenye maneno matupu huenda usigundue. Kwenye zumari, au fidla ya taarabu inayovuta noti moja, utasikia sauti inatetemeka. Tatizo la pili ni kwamba sauti inageuzwa kuwa dijitali humo humo ndani, na ikizidi kiwango inakatwa vilele, mara nyingi bila wewe kuwa na la kufanya.

Simu mbele ya spika ifute kwenye mawazo yako kama njia ya kuhifadhi. Utakuwa unarekodi chumba, feni, bodaboda na kuku. Mbaya zaidi, simu nyingi zimefundishwa kupunguza kila kisichofanana na maneno ya mtu, kwa hiyo ngoma ya Kizaramo simu inaiona kelele. Itumie kwa jambo moja tu: kutambua haraka kanda ipi ina nini.

Ninachokushauri ni deki nzuri ya zamani ya Kijapani, ile ya kuunganishwa kwenye amplifaya, iliyobadilishwa mpira, gurudumu lake likasafishwa au likabadilishwa, hedi ikafutwa kwa pamba na spiriti. Kutoka hapo waya unaingia kwenye kadi ya sauti ya USB, kisha kwenye kompyuta yenye programu kama Audacity, ambayo ni ya bure. Usichomeke waya huo kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Tundu hilo linatarajia sauti ndogo sana, na deki inatoa kubwa, matokeo yake ni mkwaruzo ambao hakuna programu itakayouondoa. Rekodi kwa faili za WAV, zisizobanwa, kipimo cha kilohezi 48 na biti 24. Saa moja ya stirio itachukua karibu gigabaiti 1. Si nyingi kwa bei ya diski za leo. MP3 tengeneza baadaye kwa ajili ya kugawia ndugu.

Kuna skrubu moja ndogo kando ya hedi ambayo inatofautisha kazi ya fundi na ya mbabaishaji. Hedi inatakiwa isimame wima kamili dhidi ya mkanda, ila kila redio ilitoka na upinde wake kidogo. Kanda iliyorekodiwa kwenye redio ya baba, yenye hedi iliyoinama kwa namna yake, ukiipeleka kwenye deki iliyonyooka itasikika imezibwa, kama mtu anaongea kupitia shuka. Fundi anayejua kazi anaigeuza ile skrubu kwa robo mzunguko au chini ya hapo, huku anasikiliza zile "s" na ule mvumo wa kanda wenyewe, ile "shhh" ya nyuma, mpaka uwazi unapofunguka. Kisha anafanya upya kwa kanda inayofuata, kwa sababu ile ya Muscat ilirekodiwa kwenye mashine nyingine. Sauti isiyosomwa na hedi haiji kurudishwa na kompyuta baadaye. Ukitaka kumpima fundi, muulize kuhusu skrubu hiyo na umwache aongee.

Jambo jingine utakalokutana nalo kwenye kanda za Kisarawe: sauti zinaanza kawaida, halafu polepole zinakuwa nyembamba na za haraka, mwishoni wazee wanaongea kama katuni. Usiogope. Betri zilikuwa zinakwisha. Mota ilipopungua nguvu mkanda ulikwenda pole pole, na sasa ukichezwa kwa mwendo kamili kila kitu kinakimbia. Hilo linarekebishwa kwenye kompyuta, hatua kwa hatua, kwa kufuata kushuka kwa betri. Kanda zilizorekodiwa nyumbani kwa umeme zina bahati yake: mara nyingi ule mngurumo wa umeme umeingia ndani, na umeme wetu una hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Ukiupima ukakuta uko kwenye 52, unajua kanda inakimbia kwa asilimia 4. Mngurumo uliotuudhi miaka yote ule unageuka rula.

Kuhusu fundi wa siku moja, hesabu tu. Kaseti ya C60 ni dakika 30 kila upande, C90 ni 45. Kaseti themanini, hata zote zingekuwa C60, ni saa 80 za kucheza, kwa sababu kunakili vizuri hufanyika kwa mwendo wa kawaida. Saa 80 haziingii kwenye siku moja labda awe na mashine nyingi zinazocheza zenyewe kwa kasi maradufu na hakuna anayesikiliza. Nenda kwake na kaseti moja tu, ambayo si ya roho, na usimwachie katoni.

Sasa kaka yako. Hoja yake ya kukatwakatwa naisikia sana, na inaeleweka, kwa sababu ndivyo dijitali ilivyoelezwa kwetu: sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, na katikati ya vipimo kunaonekana kama mapengo. Lakini mapengo hayo hayamo kwenye kinachotoka spikani. Kihesabu, sauti yoyote ambayo mitetemo yake haifiki nusu ya idadi hiyo ya vipimo inajengwa upya nzima, mkunjo wote. Nusu ya 44,100 inapita mwisho wa sikio la kijana, ambao ni kama hezi 20,000. Redio kaseti ya kawaida ya nyumbani hata 15,000 ilikuwa inafika kwa tabu. Upande wa mvumo, kanda ya kawaida ina desibeli kama 50 kati ya sauti kubwa na ule mvumo wake, Dolby B, mfumo wa kupunguza mvumo huo, ikaongeza kama 10 kwenye sauti za juu. Dijitali ya biti 16, ile ya CD, ina 96.

Mahali ambapo kaka yako ana hoja ni hapa. Kanda ina huruma. Mpiga ngoma akipiga kwa ghafla, kanda inajaa polepole, sauti inabanwa na kunenepa kidogo, na sikio linaipenda. Huo ndio utamu anaoutafuta. Dijitali ikizidishwa inakata palepale kwa ukali na haitengenezeki. Ila dawa ni rahisi: rekodi chini, kilele cha juu kabisa kisipite desibeli 12 au 10 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha dijitali. Kwenye kaseti ukirekodi chini unazama kwenye mvumo, kwenye dijitali ya biti 24 hupotezi kitu. Na akitaka utamu wa kaseti, auongeze mwishoni kwenye nakala. Haiwezekani kuuondoa kwenye sauti ya shangazi kama ilirekodiwa nao.

Kwa nini basi watu waliiacha? Watu hawakuiacha kwa sababu ya sauti. Philips waliitoa mwaka 1963 Berlin, timu yao ikiongozwa na Lou Ottens, na mtu asiye fundi akaweza kuchomeka na kurekodi bila kupitisha utepe kwenye maroda. Huku kwetu ilikuta mahali wazi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, redio ya nchi ilikuwa RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, na bendi nyingi zilirekodiwa studio zake. Mwenye redio kaseti alikuwa na kituo chake nyumbani: anadaka wimbo hewani, anarekodi harusi, anatuma salamu Muscat au Lindi kwa mkono wa abiria. Waandishi wa habari duniani nao walibeba rekoda ya kaseti ya Sony TC-D5M begani tangu 1980, na Walkman Professional, WM-D6C, iliyotoka 1984. Vilikuwa vyombo vya heshima. Baba hakukosea kutumia kaseti, alitumia kilicho bora kwa mfuko wake.

Kilichoiangusha ni taabu zake. Shangazi anafika kwenye kiini cha hadithi, kitufe kinaruka "tak!", upande umekwisha. Unageuza, unamwomba arudie, na harudii vilevile. Redio yenye maiki ya ndani inarekodi mlio wa mota yake, na ule mtambo wake wa kujipandishia sauti unazama kila ngoma inapopigwa na kupanda kila inaponyamaza, mpaka kikohozi cha jirani kinakuwa kikubwa kuliko mwimbaji. Nakala ya nakala inapungua kila mara. Kutafuta sentensi moja ni kukimbiza mbele na nyuma. Ilipofika 2006 hivi, rekoda za mkononi za memori kadi zilianza kushuka bei, na simu zikaja nyuma yake. Mwaka 2010 Sony wakaacha kutengeneza Walkman za kaseti Japani.

Kanda tupu mpya bado zinatengenezwa, Marekani na Ufaransa, na Ulaya kuna vijana wanaonunua kaseti za muziki kama mapambo yenye sauti. Sina ugomvi nao. Lakini kaka yako atapata kanda nzuri na kukosa mashine nzuri ya kurekodia, isipokuwa ile ya zamani inayohitaji ukarabati uleule. Hiyo mashine, mkiipata, ifanye kazi ya kusoma kaseti za baba.

Shangazi mrekodini kwa rekoda ndogo ya dijitali, WAV, mkiwa na simu ya pili kama akiba, imewekwa hali ya ndegeni isije ikalia. Maiki iwe karibu na mdomo wake, kama shibiri moja au mbili, si katikati ya meza. Zimeni feni. Mkikaa chini ya bati, tazameni mawingu. Mwanzoni mtu mmoja ataje tarehe, mahali na majina ya waliopo, kwa sauti. Na msitumiane rekodi hizo kwa sauti za WhatsApp mkadhani mmehifadhi: zinabanwa sana. Nakala tatu, kwenye vyombo viwili vya aina tofauti, moja ikae nyumba nyingine.

Turudi kwenye zile za kumpelekea mtu uso kwa uso. Zenye kuvu. Zinazogoma kuzunguka. Zinazopiga kelele ya kukwaruza au kuacha unga wa kahawia kwenye hedi. Zilizokatika mwanzoni kabisa, mkanda ukaingia ndani ya gamba. Kwa hizo tafuta fundi anayesafisha kuvu kwa mkono, zikiwa zimekauka kwanza, na afanye kipupwe, kati ya Juni na Septemba, hewa ikiwa imepungua unyevu. Akikuambia ataziweka kwenye oveni, chukua katoni yako uondoke. Kuoka kanda ni tiba ya ugonjwa mmoja wa baadhi ya mikanda ya rili, ile ya roda kubwa zilizo wazi, kwa joto dogo linalopimwa kwa saa nyingi, na kuvu si ugonjwa huo. Zikiwa na ngoma na masimulizi ya kale, zungumzeni pia na watu wa fasihi simulizi pale TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nakala ikiwa na thamani kwao, itakuwa na makao ya pili. Ila nyimbo za unyago au mambo ya ndani ya ukoo, kubalianeni kwanza kifamilia nani asikie.

Baada ya kunakili, kaseti zenyewe msitupe. Zikae zimesimama wima kwenye makasha yake, mbali na bati na ukuta wenye unyevu.

Na kwa kuwa mnakwenda Kisarawe mwezi ujao, pangilieni hivi. Kabla ya safari nakilini kaseti tano au sita tu, zile safi zisizo na maandishi. Mpelekeeni shangazi, mchezeeni, na wakati anasikiliza rekoda iwe inaendelea. Atawaambia yule anayecheka nyuma ni nani, ngoma ile ilichezwa kwenye msiba au jando, bibi alikuwa anamsema nani. Kaseti hazina habari hizo, na kichwa chake ndiyo mashine pekee inayoweza kuzisoma. Kaka arekodi, wewe uandike majina. Zenye unga mweupe ziacheni Tandika, zitasubiri kipupwe.